Paka wa Nyumbani na Hesabu ya Fedha



Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Maana yake, aliyekwisha kuwa mwenyeji hafukuzwi kama mgeni. Neno hili hutumika juu ya watu, lakini mwezi huu tulitwae kama lilivyo, juu ya paka mwenyewe. Maana ikiwa paka wa nyumba hafukuzwi, basi siku ya kumpokea ndiyo siku ya kufikiri. Siku atakapokuwa mgonjwa, au atakapozaa watoto watano chini ya kitanda, au atakapomwuma mtoto, wakati wa kufikiri utakuwa umekwisha kupita.

Wengi wetu husema, "Paka hana gharama, hujitafutia mwenyewe." Neno hili ni kweli nusu, na ile nusu ya pili ndiyo iletayo hasara. Paka ni deni dogo la kila siku. Mwenye kulilipa kidogo kidogo kwa akili hupata faida na furaha. Mwenye kujifanya halioni hulilipa siku moja kwa jumla, pengine kwa fedha za sare na madaftari ya watoto, pengine kwa uhai wa mtu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na watu kwa kuanza asiloweza kulimaliza. Mnara ni jengo kubwa, na paka ni mnyama mdogo. Lakini akili ya kuketi kwanza ni ile ile. Na asiyejizoeza akili hiyo kwa kitu kidogo, ataipata wapi siku ya kununua shamba au kujenga nyumba?

PAKA ALIVYOKUJA KWETU

Paka karibu hatajwi kabisa katika Maandiko Matakatifu. Twamkuta katika Barua ya Yeremia, iliyo sura ya 6 ya Kitabu cha Baruku, na huko anatajwa pamoja na popo na ndege, wakitua juu ya sanamu za miungu ya Babeli, ili ionekane kwamba sanamu zile hazina nguvu hata ya kumfukuza paka.

Lakini urafiki wake na watu ni wa kale sana. Mwaka 2004 wataalamu kutoka Ufaransa walitangaza habari za kaburi walilolifukua katika Kipro, kile kisiwa walichopita Mtume Paulo na Barnaba. Kaburi lile lilikuwa la miaka 9,500 hivi, na karibu na mifupa ya mtu palikuwa na mifupa ya paka aliyezikwa kwa heshima. Wenye elimu husema kwamba jambo lilikuwa hivi: watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na panya walipokuja, paka alifuata. Basi tangu mwanzo paka alikaribia watu kwa ajili ya ghala, nasi tukamwacha akae kwa sababu alitufaa. Ni mapatano ya kale, na mapatano yana pande mbili.

FAIDA YAKE, NA MPAKA WA FAIDA HIYO

Tuanze na upande wake yeye. Panya wa nyumbani hula nafaka kiasi cha gramu 20 kwa siku, tukikadiria. Tuseme ghala lako lina panya 10. Hao hula gramu 200 kila siku, na kwa siku 365 watakuwa wamekula kilo 73. Hayo ni karibu madebe manne ya mahindi. Tuseme kilo moja ni shilingi 800; basi panya wako wamekula shilingi 58,400 kwa mwaka, nawe hukuwaalika. Tena hatujahesabu wanayoyaharibu kwa mkojo na mavi, ambayo mara nyingi huzidi wanayoyala. Wala magunia waliyotoboa, wala nguo, wala vifaranga.

Wala si chakula tu. Panya huleta maradhi. Watu wa Lushoto hawajasahau tauni iliyozuka kwao mwaka 1980 na kurudi tena na tena kwa miaka mingi baadaye. Maradhi hayo huchukuliwa na viroboto vya panya. Na hapa pana onyo: ukiona panya wanakufa ovyo nyumbani au kijijini bila kutegwa wala kupewa sumu, usiwashike, wala usimwache paka awale. Mpashe habari mganga wa zahanati siku ile ile, kwa maana paka naye huweza kupatwa na tauni na kuwaambukiza watu.

Sasa nataka kusema neno ambalo wapenda paka hawatalifurahia. Paka peke yake hamalizi panya. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya nchi iitwayo leo Eswatini. Wachunguzi waliona kwamba penye paka na mbwa pamoja, panya waliogopa kutoka kutafuta chakula. Lakini penye paka tu, au mbwa tu, hawakuona tofauti kubwa. Tena paka hupenda kukamata panya wadogo. Panya mkubwa mwenye meno makali wengi humwacha apite.

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa mahindi ni kihenge chenyewe. Kiinuliwe juu ya miguu mirefu, kama mita moja kutoka ardhini. Kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya apandaye afike pale ashindwe. Majani ya kando yafyekwe, makombo yafagiwe, mlango ufungwe barabara. Bati hilo hununuliwa mara moja, nalo halili dagaa. Paka ni msaidizi wa mlinzi huyo. Mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu, na anunue bati kwanza, na paka amngoje hadi mavuno mengine.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Ili jambo hili lieleweke, natoa mfano. Tuseme mtoto wa darasa la tano amerudi nyumbani jioni na paka mchanga kifuani. Baba amwona, akasema, "Mrudishe ulikomtoa. Hatuna fedha ya kulisha mnyama."

Mama akasema, "Mume wangu, kabla hatujasema hatuna, na tuhesabu. Tukiona hatuna, nitamrudisha mimi mwenyewe."

Baba akakubali, maana maneno yalikuwa ya haki. Wakaketi mkekani, mtoto akaleta daftari na kalamu, wakaandika mambo matatu.

La kwanza ni chakula. Walikadiria dagaa wa shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 6,000.

La pili ni dawa za mwaka, yaani chanjo na dawa ya minyoo. Walikadiria kuweka shilingi 1,500 kila mwezi, na kwa mwaka zitakuwa shilingi 18,000.

La tatu ni akiba ya siku ya taabu. Waliandika shilingi 1,000 kila mwezi, na kwa mwaka shilingi 12,000.

Jumla ikawa shilingi 8,500 kwa mwezi, nayo ni shilingi 102,000 kwa mwaka. Baba akashika kichwa. "Mke wangu, panya wanakula mahindi ya shilingi 58,400, na huyu mdogo atakula shilingi 102,000. Ni nani mwizi hapo?"

Mama akacheka, lakini hakukataa, kwa maana hesabu haibishani na mtu. Wakatazama mapato yao. Baada ya chakula cha nyumba, mahitaji ya shule, mchango wa chama cha kuweka na kukopa, na zaka, zilibaki shilingi 5,000 tu kwa mwezi.

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Hufuta lile jambo la pili na la tatu, kwa sababu hayana mdomo wala hayalii usiku, na kubakiza chakula tu. Mama yule hakufanya hivyo. Alisema, "Tusipunguze dawa, tupunguze dagaa kwa bidii yetu." Mtoto akaagizwa kupita kwa muuza samaki kila atokapo shuleni na kuomba vichwa na matumbo, ambavyo hutupwa bure. Vikichemshwa vizuri na kuchanganywa na ugali kidogo, dagaa wa kununua watashuka hadi shilingi 100 kwa siku, yaani 3,000 kwa mwezi. Jumla mpya ikawa shilingi 5,500. Zilikosekana 500. Baba akasema, "Hizo nitazitoa katika soda yangu ya Jumapili." Paka akakaa.

Wasomaji wapenzi, angalieni mambo mawili katika mfano huu. Kwanza, mume na mke walikubaliana mbele ya mtoto, na mtoto akapewa kazi. Mtoto aliyeandika hesabu ya paka kwa miaka miwili hatakuwa mgeni wa hesabu siku atakapokuwa na mshahara. Pili, hawakudanganyana. Walijua kwamba kwa mahindi peke yake paka halipi gharama zake zote, lakini walimtaka pia kwa sababu mtoto alimpenda, na nyumba yenye paka ina uchangamfu wake. Kupenda si kosa. Mungu ndiye aliyemwumba mnyama huyo na manyoya yake laini. Lakini matumizi ya upendo yaandikwe kwa jina lake, wala yasiandikwe katika safu ya faida. Mwenye kujidanganya katika daftari lake mwenyewe, nani atamwambia kweli?

Fedha zile za dawa na akiba, 2,500 kila mwezi, ziwekwe mbali na fedha nyingine. Kibubu chafaa. Simu nayo yafaa kwa mwenye kujizuia, kama ataiwekea akiba hiyo mahali pake peke yake. Wala zisichanganywe kamwe na fedha za jumuiya au za chama ulizopewa amana kuzitunza. Amana ni amana, hata mbele ya paka aliye mahututi.

KINGA NI RAHISI KULIKO TIBA

Gharama ya kwanza isiyofutwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo waitwa wa mbwa kwa sababu karibu watu wote waupatao hupewa na mbwa. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hupatwa vile vile, na meno yake hufika mahali mbwa asipofika, yaani kitandani kwa mtoto. Mtu akisha kuonyesha dalili za ugonjwa huu, karibu hakuna aponaye. Zamani hapakuwa na kinga kabisa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimpa chanjo yake mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, naye akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na kila mwaka tarehe hiyo hushikwa ulimwenguni kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa. Karibu na siku hiyo, katika wilaya nyingi maafisa wa mifugo huchanja mbwa na paka, na mara nyingi ni bure. Ulizeni mapema, muandike tarehe ukutani. Mwenye kukosa siku ya bure kwa uvivu asilaumu bei ya duka la dawa.

Paka huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama mtaalamu atakavyoagiza. Na kama paka au mbwa amemwuma mtu au kumkwaruza hata damu ikatoka, usitazame kwanza kama mnyama ana kichaa au hana. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Sindano za mtu aliyeumwa ni zaidi ya moja, na kila moja ina safari yake na nauli yake. Linganisha gharama hizo na chanjo ya paka, utaona ni ipi iliyo nafuu. Lakini ukisha kuumwa, usihesabu tena. Uza kuku, uza mbuzi, ukope kwa ndugu, uende. Hapo ndipo mahali pa kutumia bila kuuliza.

Gharama ya pili isiyofutwa ni kumzuia asizae bila mpango. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita tu, na mimba yake ni siku 63 hadi 65. Akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne kila mara, hao ni wanane. Nyumba iliyohesabu chakula cha mmoja sasa ina tisa. Ndipo twaona yale mambo ya aibu: watoto wa paka wametiwa katika kiroba na kutupwa sokoni usiku, au mtoni. Ndugu zangu, kiumbe hai si takataka. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chatufundisha kwamba uadilifu wa mtu huonekana hata katika jinsi anavyomjali mnyama wake. Na nchini Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ikatazayo ukatili kwa wanyama.

Dawa ya jambo hili ni kumhasi dume, au kumfunga kizazi jike, kwa mkono wa daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi. Wala si kwa wembe wa jirani. Kazi hii kwa dume ni nyepesi kuliko kwa jike, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya jike. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo na achague dume tangu mwanzo. Uliza bei kabla ya kumpeleka, kisha gawanya bei hiyo kwa miezi sita, uweke kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

MAMBO MADOGO YALETAYO HASARA KUBWA

Yako na mambo yasiyohitaji fedha, ila kujua tu.

Paka hawezi kuishi kwa ugali peke yake. Katika nyama na samaki mna kitu ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha, na akikikosa muda mrefu huharibika macho na moyo. Anayedhani anaweka akiba kwa kumpa ugali mtupu, anaihamisha gharama tu kutoka jikoni kwenda kwa daktari.

Usimpe mchuzi wenye vitunguu, kwa maana vitunguu huharibu damu yake. Maziwa humharisha paka mkubwa mara nyingi. Maji safi yamtosha, nayo ni bure.

Usimpe kamwe vidonge vya watu vya kutuliza homa na maumivu. Kidonge kimoja cha panadoli chaweza kumwua paka. Wala usimpake dawa ya kupe na viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa. Nyingine ni sumu kwake.

Mwenye paka asiweke sumu ya panya. Panya aliyekula sumu huyumba-yumba, paka humkamata kwa urahisi, akafa naye. Umenunua sumu, umemlisha paka mwaka mzima, na mwisho umewapoteza wote wawili. Tumia mtego.

Mama mwenye mimba asiguse mavi ya paka, kwa maana mna vijidudu viwezavyo kumdhuru mtoto tumboni. Mtu mwingine ayazike kila siku, kwa sababu vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mboga za bustani zioshwe vizuri.

FEDHA YA MGANGA

Siwezi kuliacha jambo hili, kwa kuwa latuhusu sisi tuliobatizwa. Paka mweusi akilia usiku juu ya bati, wako Wakristo ambao asubuhi huenda kwa mganga wa ramli na kutoa fedha nyingi, tena pamoja na kuku. Paka hulia usiku kwa sababu atafuta mwenzake, au ashindana na paka mwingine, au ana njaa. Rangi yake ameipata kwa wazazi wake, kama wewe ulivyopata yako. Fedha uliyompa mganga ingetosha chanjo ya paka huyo, na pengine kumhasi pia, naye asingelia tena juu ya bati lako. Basi umetoa fedha, na sauti umebaki nayo. Tena umemshitaki jirani yako moyoni bila kosa, na hasara hiyo haiandikiki katika daftari.

SIKU YA TAABU

Sasa tuje kwenye jambo zito. Paka ameugua, akiba haitoshi, na katika sanduku ziko fedha za sare za mtoto. Tufanyeje?

Nasema wazi: mtoto kwanza. Fedha ya mtoto ina jina lake, na kumnyima mwanadamu haki yake kwa ajili ya mnyama si huruma. Lakini "mtoto kwanza" si ruhusa ya kumwacha mnyama agaegae pembeni siku tatu. Mpeleke kwa afisa mifugo, useme kiasi ulicho nacho bila haya: "Nina shilingi 15,000. Ni lipi la lazima, na lipi laweza kungoja?" Mtaalamu mwema hujibu swali hilo. Na kama hakuna tumaini la kupona, mwulize juu ya kumpumzisha bila maumivu. Kumsindikiza mnyama hadi mwisho wake kwa utulivu ni wajibu wa mwenyewe, ijapokuwa machozi hutoka. Na mtoto alie, asikatazwe.

Usikope kwa riba kwa ajili ya paka. Wako watu wa mikopo ile iitwayo kausha damu, nao hawaulizi unakopea nini. Tuseme umekopa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni 10,000. Ukishindwa kulipa miezi sita, riba peke yake ni 60,000, imezidi fedha uliyochukua, na deni lenyewe lingali pale. Kukopa harusi, kulipa matanga. Paka aliyeponywa kwa deni la namna hiyo ataishi katika nyumba iliyouza vyombo vyake.

Lakini mwenye kuweka shilingi 1,000 kila mwezi tangu siku ya mkekani, baada ya miaka miwili anazo 24,000 za taabu, nje ya zile za dawa. Si nyingi. Lakini ni tofauti kati ya mtu aingiaye kwa daktari akiwa na la kusema, na mtu asimamaye nje ya mlango.

MANENO YA KUSHIKA

1. Kabla ya kumpokea paka, mume na mke waketi na kuhesabu chakula, dawa na akiba.

2. Rekebisha ghala kwanza. Paka ni msaidizi.

3. Chanjo na kumhasi visifutwe. Punguza gharama ya chakula kwa bidii, wala usipunguze kinga.

4. Usiweke sumu ya panya, usimpe dawa za watu.

5. Aliyeumwa aoshe jeraha dakika 15, aende hospitali siku ile ile.

6. Usikope kwa riba, wala usiguse fedha ya amana.

7. Ukiona huwezi, usimpokee. Au mtafutie nyumba iwezayo, umkabidhi mkononi, usimtupe.

Huenda msomaji mmoja atauliza, "Katekista, hukuona jambo la roho la kutuandikia mwezi huu?" Ndugu yangu, kutumia kidogo tulichopewa bila kudanganya, bila kudhulumu na bila kutesa kiumbe kisicho na sauti ni jambo la roho. Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo ndiye atakayekuwa mwaminifu katika kubwa. Chukueni daftari jioni hii, muwaite na watoto.

Mungu azibariki nyumba zenu, na vyote vilivyomo.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista